Jiwe la Mugere: majina mawili, safari ya watu wengi

Zamu ya historia wiki hii imetufikia sisi wa Bujumbura. Wengi wenu mmepita barabara ya Rumonge kwa basi, ziwa upande mmoja na milima upande mwingine. Lakini ni wachache waliowahi kushuka Mugere na kupanda kwenye lile jiwe kubwa. Sisi tulikwenda, na tumerudi na maneno.

Tulitoka Buyenzi alfajiri, watu 14, tukaenda kwa miguu. Sababu ya kwanza, pesa ya basi kwa watu wote haikutosha, tusifichane. Sababu ya pili, wengi wetu tumetembea milima tangu utotoni, lakini tulipoulizana ikaonekana karibu wote hatujawahi kupanda mlima bila kukimbia kitu. Tukasema basi, leo tupande ili kuangalia tu.

Kutoka mjini mpaka kule ni karibu kilomita 12. Unapita Kanyosha, unapita Ruziba, jua linaanza kuchoma, halafu unaacha lami na kuanza kupanda. Hapa ndipo milima ya Mumirwa inateremka mpaka karibu na maji. Kila mtu alikuwa na kadi yake ya ukimbizi mfukoni, maana huwezi kujua utaulizwa wapi. Bidoni ya maji ya lita 20 tuliibeba kwa zamu. Kwenye tambarare kila mtu alikuwa shujaa. Kwenye mlima zamu zikawa fupi sana, na waliokuwa wanajisifu wakawa ghafla wanafunga kamba za viatu.

Juu pale kuna jiwe, na kwenye jiwe yamechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Ukigeuka unaliona Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake milima ya Uvira. Mmoja wetu alikaa akaangalia ule upande muda mrefu, hakusema kitu. Tulimwacha.

Sasa historia yenyewe. Kuna watu mpaka leo wanasema hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Hapana. Walikutana Ujiji, ambayo leo iko Kigoma, Tanzania. Huku walikuja baadaye pamoja, kwa mtumbwi, na walikuja kwa sababu ya swali moja: mto Rusizi unaingia ziwani, au unatoka ziwani? Wakati ule Wazungu walikuwa wanatafuta chanzo cha Nile. Kama Rusizi ungekuwa unatoka na kwenda kaskazini, basi huenda Tanganyika ndiyo mama wa Nile. Ndiyo maana swali hilo lilikuwa kubwa kwao.

Lakini sikilizeni. Miaka 13 kabla, mwaka 1858, Wazungu wengine wawili, Burton na Speke, walifika Uvira. Watu wa Uvira waliwaambia wazi: mto unaingia. Watu waliokuwa wanakunywa maji yake na kuvua samaki wake walishajibu! Jibu halikutosha, ikabidi waje wengine.

Hao wengine walikujaje? Stanley mwenyewe aliandika habari za mtumbwi ule. Ulichongwa kwa mti wa mvule kutoka Ugoma, yaani ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Ndani walikuwepo wapiga makasia 16, viongozi wawili wa Ujiji, mkalimani kijana aliyeitwa Selim, na mpishi aliyeitwa Ferajji. Hesabuni wenyewe: kwa kila jina lililo kwenye jiwe, kulikuwa na watu 10 ambao hawapo.

Walipofika Mugere walipokelewa na chifu Mukamba, wakalala kwake siku mbili. Halafu wakaendelea mpaka kwa ndugu yake, Ruhinga, karibu na mlango wa mto. Huyu Ruhinga aliwataja mito inayoingia Rusizi, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu mbele ya wanafunzi. Kisha walipelekwa kwa mtumbwi mpaka mdomoni mwa mto wakaona kwa macho yao: maji yanaingia ziwani. Vilevile kama watu wa Uvira walivyosema.

Na hiyo ilikuwa sehemu ndogo tu ya safari. Stanley aliondoka Bagamoyo mapema mwaka 1871 na watu karibu 190, waliogawanywa kwenye misafara 5. Mpagazi mmoja alibeba karibu kilo 30, kichwani au begani, mwezi baada ya mwezi. Bidoni yetu ilikuwa na kilo 20, tukaibeba asubuhi moja tu, na tuligombana. Lugha iliyounganisha misafara hiyo ilikuwa Kiswahili, hiki hiki tunachoandika hapa. Kilisafiri toka pwani mpaka Ujiji na Uvira kwenye midomo ya watu waliobeba mizigo.

Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo. Alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874, katika kanisa la Westminster. Jiwe la kaburi lake linataja mikono iliyomleta. Majina ya wenye mikono hayapo.

Tusidhani mambo hayo ni ya Afrika peke yake. Kule Peru, Amerika ya Kusini, kuna mji wa kale wa Wainka unaoitwa Machu Picchu, juu kabisa milimani. Vitabu vingi vinasema uligunduliwa mwaka 1911 na Mmarekani Hiram Bingham. Kumbe aliongozwa na mkulima wa pale, Melchor Arteaga, na huko juu alizikuta familia zinalima kwenye matuta ya Wainka. Utagunduaje mahali ambapo mtu anapanda mahindi? Leo watalii wa dunia nzima hutembea siku nne kwenye njia ya Wainka, na mahema na chakula chao hubebwa na wapagazi. Mwaka 2001 Peru ilitunga sheria ya kuwalinda wapagazi hao, mzigo usizidi kilo 20. Yaani bidoni moja. Kumbe kilo za mpagazi zinaweza kuandikwa kwenye sheria, mtu akitaka.

Tulipokuwa tunakula mikate na karanga pale chini ya jiwe, yule ndugu aliyekuwa anaangalia Uvira akaanza kuongea. Yeye alivuka Rusizi mwezi wa pili mwaka 2025, vita ilipofika Bukavu na watu wakaanza kushuka bondeni. Alikuwa na mama yake, na mama hakuweza kusimama kwenye maji. Kijana mmoja asiyewajua akainama, akamweka mama mgongoni, akamvusha, akarudi kuchukua wengine. Hakudai hata faranga moja.

Tukamuuliza, anaitwa nani?

Akasema, "Sikumuuliza jina."

Tulikaa kimya. Tulikuwa tumelaumu jiwe asubuhi nzima, kumbe na sisi tuna jiwe letu.

Hatumlaumu ndugu yetu. Ukiwa unakimbia huulizi jina. Lakini sasa tumekaa, na muda wa kuuliza tunao. Kwa hiyo tumefungua daftari. Kila Jumamosi tunaandika nani alimvusha nani, nani alitoa mtumbwi, mama gani wa Burundi alifungua mlango wake usiku ule wa kwanza. Kama jina linaweza kumletea mtu hatari, tunaandika alichofanya na mahali, jina tunaliacha.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa: kwenye ripoti zenu tunaonekana kama familia kadhaa zilizopokelewa. Ni sawa, namba zinaleta chakula. Lakini kabla hamjatupokea ninyi, kuna mtu alitupokea mtoni. Siku mkiandika historia ya mwaka huo, mtuulize. Watu wa Uvira walikuwa na jibu tangu 1858.

Daftari lina majina 31 mpaka leo. La kijana wa Rusizi bado hatulijui, tumemwachia mstari mtupu kwenye ukurasa wa kwanza. Kama ni wewe, au unamjua, tuambie.