Gramafoni na Sauti za Wazee Wetu

Mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay, wakaimba kwa Kiswahili mbele ya vyombo vya kunasia sauti vya His Master's Voice. Nyimbo zao zilirudi pwani zikiwa katika santuri, zikapigwa majumbani na mabarazani kwa gramafoni za kutiwa ufunguo, zisizohitaji umeme.

Leo baadhi yetu twazinunua gramafoni hizo kuukuu ili kupamba sebule. Lakini pambo bubu si urithi. Tukiifungua mashine, aghalabu twaikuta kamani yake imegandwa na grisi iliyokauka. Yapasa isafishwe, itiwe grisi mpya, kisha mwendo usawazishwe hata santuri izunguke mara 78 kwa dakika. Mwendo ukipungua, sauti ya mwimbaji huwa nzito, isiyo yake.

Hata hivyo, kufufua mashine bila ilmu ni hatari kuliko kuiacha imelala. Sindano ya chuma huchakaa upesi. Desturi ni kuibadilisha kila upande mmoja wa santuri umalizikapo. Abaniaye sindano hula mifereji iliyobeba sauti, na kilicholika hakirudi.

Siti alifariki mwaka 1950. Basi kila santuri yake tuikwaruzayo kwa ubahili wa sindano, twamnyang'anya maneno ambayo hatapata tena nafasi ya kuyaimba.