Kuchagua injini ya ndege ya mfano katika hewa nyepesi ya Nairobi

ANAYENUNUA injini ya ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti jijini Nairobi hukabiliwa na jambo ambalo karatasi ya maelezo ndani ya boksi haligusii kwa kawaida. Jambo hilo ni mwinuko wa jiji lenyewe.

Uwanja wa ndege wa Wilson, ulio kilomita chache tu kutoka katikati mwa jiji, uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Karen na Dagoretti, upande wa magharibi, ziko juu zaidi. Adhuhuri yenye joto la nyuzi 26, hewa ya huko huwa nyepesi kwa karibu asilimia 20 ikilinganishwa na ile ya vipimo vya kawaida vya usawa wa bahari.

Athari zake ni mbili kwa wakati mmoja. Pangaboi hupata hewa kidogo ya kusukuma, na mabawa nayo hulazimika kwenda kasi zaidi, kwa takriban sehemu moja ya kumi, ili yabebe uzito ule ule. Ndege iliyopewa nguvu za kutosha kwa Mombasa huondoka ardhini kwa shida Nairobi. Mwongozaji akiona haipandi huinua pua yake, mabawa hupoteza uwezo wa kubeba, na chombo chenye pangaboi linalozunguka kwa kasi huanguka popote pale, pengine juu ya mabati ya Kawangware.

Kwa anayeanza, mota ya umeme isiyo na brashi ndiyo inayofaa zaidi. Haihitaji hewa ili ifanye kazi, haina moshi, na kelele zake ni kidogo, jambo la maana katika mitaa iliyosongamana kama Kilimani.

Hesabu huanza na uzito wa ndege ikiwa na betri yake. Ndege ya mafunzo huhitaji takriban wati 180 kwa kila kilo. Ya michezo ya angani huhitaji 220 au zaidi. Hivyo, ndege ya mafunzo yenye kilo 1.2 ingehitaji wati 216. Kwa Nairobi inafaa kuongeza sehemu moja ya tano, na jumla huwa karibu wati 260. Betri ya litiamu yenye seli tatu hutoa volti 11.1, kwa hivyo mota itavuta kama ampea 23. Kidhibiti mwendo cha ampea 30 kitatosha, lakini cha ampea 20 kitaungua.

Alama ya KV kwenye mota huwachanganya wengi. Haionyeshi nguvu, bali ni idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja mota ikiwa haina mzigo. Yenye KV ndogo huzungusha pangaboi kubwa polepole, na katika hewa nyepesi huo ndio mpango bora. Pangaboi la inchi 10 linaweza kubadilishwa kwa la inchi 11, mradi ampea zipimwe kwanza, kwani inchi hiyo moja huongeza mzigo kwa kiasi kikubwa. Mita za kupimia hupatikana katika maduka ya vifaa vya umeme ya barabara ya Luthuli. Hata hivyo, mnunuzi ahakikishe kuwa mita ya kubana waya inapima umeme wa betri, kwani nyingi za bei nafuu hupima ule wa nyumbani pekee.

Injini za mafuta bado zina wapenzi wake, na mlio wake una raha yake. Ile ya sentimita 7.5 za ujazo, inayojulikana kama 46, hutosha ndege ya mafunzo ya kilo mbili na nusu. Mahali ambapo kitabu kinapendekeza 40, Nairobi ichaguliwe 46. Skrubu ya kabureta nayo ikazwe kidogo, kwa sababu hewa ikipungua, mafuta pia hayana budi kupunguzwa. Ikikazwa kupita kiasi, injini hupata joto na kuharibika. Taabu kubwa ni mafuta yenyewe: methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha na nitromethani haiuzwi katika vituo vya petroli.

Kadhalika, kabla ya kulipa senti yoyote, mnunuzi aulize Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA) ni wapi anaweza kurusha. Vyombo visivyo na rubani vina kanuni zake za mwaka 2020, na sehemu kubwa ya mitaa ya magharibi iko karibu na njia za ndege zinazotua na kupaa Wilson.

Jaribio la kwanza lifanywe alfajiri, kabla jua halijaipasha hewa joto.