Pua na Homoni za Ukomo wa Hedhi

Mwaka 1884 John Noland Mackenzie, daktari wa Baltimore, aliandika kuhusu wanawake ambao pua zao huvimba wakati wa hedhi. Wilhelm Fliess wa Berlin aliichukua hoja hiyo akaivusha mipaka: kitabu chake cha 1897 kilidai kuwa kokeini ikipakwa puani hutuliza maumivu ya hedhi.

Ushahidi wenye uzito ulisubiri homoni ya kike yenyewe, estrojeni, iliyotengwa mwaka 1929. Huko Montreal, mwaka 1936, Hector Mortimer na wenzake waliwapa kima estrojeni, na utando wa ndani wa pua ukawa mwekundu na kuvimba. Kisha wakaijaribu kwa wagonjwa wa ozena, ugonjwa unaokondesha na kukausha utando huo hadi pua hujaa magamba yenye uvundo, ambao ajabu yake ni kwamba mgonjwa mwenyewe hausikii.

Premarin, dawa ya estrojeni inayotokana na mkojo wa farasi wenye mimba, iliingia sokoni Marekani mwaka 1942 na kuifanya tiba ya ukomo wa hedhi kuwa jambo la kawaida. Pua ikasahaulika. Leo homoni hizo huandikwa kwa ajili ya joto la ghafla na ukavu wa uke.