Waliitwa Wasomaji

Je, wajua kwamba kule Gikuyuni Wakristo wa kwanza waliitwa athomi? Maana yake ni wasomaji. Hawakuitwa waombaji wala waimbaji (na kuimba waliimba!). Katika misheni nyingi mtu mzima alikalishwa chini na watoto, ajifunze herufi kwanza, ndipo abatizwe. Mwaka wa 1926 wakapata Agano Jipya kwa Kikuyu, na Wajaluo wakapata lao kwa Dholuo.

Sasa, aliyeweza kusoma Yohana aliweza pia kusoma barua ya mwanawe aliye kazini Nairobi, na risiti ya kodi. Mwaka wa 1928 wasomaji hao wakawa na gazeti lao, Muigwithania, mhariri akiwa Johnstone Kenyatta aliyesomea misheni ya Thogoto. Wamisionari hawakufurahia kila kitu. Waliulizwa: mbona Yakobo alikuwa na wake wengi na Mungu akambariki? Mimi nampenda muumini wa namna hiyo, anayemkabili mhubiri na andiko mkononi.

Wewe una Biblia nzima kwenye simu, lakini wiki nzima umesoma ule mstari niliokutumia tu. Nikikosea utajuaje? Watu wa Beroya walimpima hata Paulo, Matendo 17:11.

Jumatano tunaanza Luka. Njoo ukiwa umesoma sura ya kwanza. Na kama nyumbani kuna nyanya ambaye hakupata shule, msomee kwa sauti, polepole, kwa lugha yake.