Nani analipia msitu wa Udzungwa? Historia ya kiingilio, kuanzia leseni ya Wissmann hadi mzigo wa kuni wa Mang'ula

Julai mosi ndiyo siku ya kwanza ya mwaka wa fedha wa Serikali, na ndipo viwango vipya vya kuingia hifadhini vinapozoeleka kuanza kutumika. Kwa mtu wa Mang'ula, kwenye barabara ya Kidatu hadi Ifakara, mwezi huo una historia nzito. Julai 2011 wanawake wa vijiji vilivyo chini ya milima ya Udzungwa walizuiwa kuokota kuni msituni. Julai 2016 huduma za utalii zikaanza kutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Julai 2020 mapato ya hifadhi za taifa yakaanza kupelekwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Kila mara viwango vinapoguswa, mjadala hurudi palepale: nani alipe ili aingie kwenye msitu wa umma, na jirani wa msitu huo anabaki na nini?

Kulipia pori ni jambo la kigeni katika bonde hili la Kilombero. Wandamba, Wambunga na Wapogoro waliwinda, walivua na walikwenda milimani kutafuta dawa na kufanya matambiko kwa taratibu za koo zao. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kwanza ya uwindaji katika koloni, na kuanzia hapo bunduki ya halali ikawa na leseni ya kulipiwa. Waingereza wakafuata na idara ya misitu mwaka 1921, na kidogo kidogo msitu wa Mwanihana na mingine ya safu ya Udzungwa ikatengwa kuwa misitu ya hifadhi. Mwaka 1952 uwanda wa mto Kilombero ukatangazwa kuwa Pori Tengefu la Kilombero. Katika miaka yote hiyo kibali kilikuwa cha mbao au cha nyama. Kupanda mlima ili kutazama maporomoko hakukuwa na bei.

Kilichobadilisha hali ni nyani mmoja, na kisa chake kinastahili kusimuliwa kwa kituo.

Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa Mwanihana wakichunguza wanyama jamii ya nyani. Wakasikia mlio wa juu wasioutambua. Mwenyeji aliyewaongoza hakushangaa. Aliwaambia ni ngolaga, mnyama ambaye watu wa huko walimjua siku zote. Baadaye, katika kijiji cha Sanje, walioneshwa mtoto yatima wa mnyama huyo akifugwa na watu. Mwaka 1981 matokeo yakachapishwa, na dunia ya sayansi ikapata mnyama mpya ambaye leo anabeba jina la Sanje. Mwaka uliofuata Homewood na Rodgers walichapisha makala iliyoeleza thamani ya misitu ya Udzungwa na haja ya kuilinda. Hoja ya hifadhi ya taifa ikapata miguu.

Mambo mawili katika kisa hicho hayapaswi kusahaulika. Kwanza, maarifa yalikuwa ya wenyeji kabla hayajawa ya majarida. Pili, mnyama aliyetambulishwa na mwongozaji wa kijijini ndiye ambaye wageni wanalipia leo kumwona.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ikiwa na kilomita za mraba 1,990. Aliyeifungua rasmi ni Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi, aliyekuwa rais wa kwanza wa shirika la uhifadhi la WWF, na maporomoko madogo yaliyo karibu na makao makuu ya Mang'ula yanaitwa kwa jina lake. Misitu iliyokuwa chini ya idara ya misitu ikahamia Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Upande wa Mang'ula hakuna barabara ya gari inayopanda msituni, hivyo mgeni hutembea kwa miguu akiwa na mwongozaji. Huenda Sanje, ambako maji hushuka takriban mita 170, au hulala kambini njiani kwenda kilele cha Mwanihana. Kiingilio, ada ya kambi na ada ya mwongozaji vikawa bei za msitu. Katika viwango vya miaka ya karibuni, mgeni kutoka nje hulipa dola 30 kwa siku kabla ya kodi, na raia wa Afrika Mashariki shilingi 5,000.

Ila kulikuwa na mlango wa pili ambao haukuwa na dola. Hifadhi ilipoanza, Serikali ilikubali kwamba vijiji vya ukanda wa mashariki haviwezi kukatiwa kuni kwa siku moja. Ukanda huo ulikuwa umejaa watu kwa sababu zisizotokana na wenyeji: kiwanda cha sukari cha Kilombero, bwawa la Kidatu, na reli ya TAZARA iliyojengwa mwaka 1970 hadi 1975 na kuifanya Mang'ula kuwa kambi na karakana ya Wachina. Basi kwa siku maalumu za juma wanawake waliruhusiwa kuingia, kuokota kuni kavu zilizoanguka, na kutoka na mzigo juu ya ngata. Hali hiyo ilidumu karibu miaka ishirini.

Wahifadhi walikuwa na hoja. Sheria ya hifadhi za taifa hairuhusu kuchukua chochote, gogo lililooza ni makazi ya viumbe, na chini ya kivuli cha kuokota kuni wapo waliokata nguzo na kutega mitego. Vijiji vilihimizwa kupanda miti, na miche iligawiwa kwa miaka kadhaa kabla ya ukomo kutangazwa. Wanawake nao walikuwa na hoja iliyo nzito vilevile. Mti haukui kwa ratiba ya ofisi. Asiye na shamba hana pa kuupanda. Mpunga umeenea bondeni na miwa imechukua ardhi ya karibu na kiwanda. Kuanzia Julai 2011 aliyekuwa akiokota alilazimika kununua kuni, kutumia pumba za mpunga, au kuingia kinyemela akijua anaweza kukamatwa. Hakuna mtalii aliyewahi kulipa kiingilio kikubwa kama hicho.

Ya nje ya hifadhi hiyo yanasimulika kwa ufupi. Mwaka 2007 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia Kilombero, na mwaka 2019 ikaja ya Magombera, msitu mdogo wa bondeni uliopakana na mashamba ya miwa, ambako kinyonga mpya alitambuliwa mwaka 2009 baada ya nyoka kumtema mbele ya mtafiti. Hizo ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, wenye kanuni na viwango vyake. Hivyo misitu ambayo zamani ilikuwa chini ya idara moja leo ina mageti ya mamlaka mbili.

Sisi wa bonde hili tuna haki ya kujivunia Udzungwa. Maji ya mashamba yetu na ya mitambo ya Kidatu yana deni kwa milima hii. Kwa sababu hiyo hiyo tuna haki ya kudai. Tangu mapato yaelekezwe Hazina, mwanakijiji wa Sanje hana namna nyepesi ya kujua ni kiasi gani kilikusanywa getini na ni kiasi gani kilirudi kama darasa au zahanati kupitia Ujirani Mwema, mpango wa TANAPA wa kusaidia vijiji jirani. Takwimu hizo zibandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji kila Julai, sambamba na viwango vipya. Wanafunzi wa Ifakara, Mang'ula na Mlimba waingie bure, kwa kuwa mtoto asiyewahi kumwona ngolaga hatakuwa na sababu ya kumlinda. Na sehemu ya ada ya kambi itengwe kwa ajili ya nishati ya kupikia katika kaya zilizofungiwa kuni. Kaya hizo zilitangulia kulipa, na malipo yao hayajaandikiwa risiti.