Mgeni Kutoka Garissa

Mwaka jana meneja wa hoteli moja mpya hapa Garissa alinipigia simu. Alikuwa ameona vitu nilivyoandika mtandaoni, akataka nimwandikie "historia kidogo" ya kuweka kwenye tovuti ya hoteli. Maneno mia tatu. Nusu ya malipo sasa, nusu nikimaliza. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili hana kazi nyingi za kukataa.

Kwanza nieleze neno lenyewe, maana huku kwetu ukisema hoteli, watu wanafikiria chai na anjera. Hoteli ni pa kula. Pa kulala ni lojing: kitanda, neti yenye matundu, ndoo ya maji nje ya mlango. Hii ya meneja wangu ni kitu kingine. Vyumba havizidi ishirini, kila kimoja kimepambwa kivyake. Kuna kipoza hewa kinachokusahaulisha jua la nje. Juu ya kitanda wametundika dhiil, kile chombo cha kusuka cha kuwekea maziwa ya ngamia. Nilikisogelea nikakinusa. Dhiil ya ayeeyo wangu ilinuka moshi, kwa sababu aliifukiza kila asubuhi ili maziwa yasiharibike. Hii ilinuka vanishi.

Meneja alinipa kitabu cha maoni ya wageni nikisome nipate "mwelekeo". Nilikaa nacho jioni nzima. Wageni wengi walikuwa wafanyakazi wa mashirika wanaoelekea kambi za Dadaab, maafisa wa kaunti waliokuja kwa warsha, na familia za Wasomali wanaoishi Marekani, waliorudi likizo na watoto wasioweza joto. Walisifu maji ya moto. Walisifu nyama ya ngamia. Mmoja alilalamika kuhusu muadhini, mwingine akamjibu chini yake kwa kalamu nyekundu. Lakini kulikuwa na maneno yaliyorudi karibu kila ukurasa, kwa mwandiko tofauti: sikutarajia. Sikutarajia hoteli kama hii Garissa. Sikutarajia ukarimu huu. Sikutarajia kulala vizuri.

Nilijiuliza, kwa nini hawakutarajia? Nani aliwaambia wasitarajie? Hapo ndipo kazi ya maneno mia tatu iliponishinda.

Tuanze mwaka wa 1902. Mwaka huo Nairobi ilipata hoteli ya Stanley, iliyoanzishwa na Mayence Bent. Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi 1904. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipitia Norfolk katika safari yake ya kuwinda. Hizo ndizo hoteli ambazo vitabu vya watalii vinazikumbuka, na wageni wake walikuwa wazungu. Mwafrika aliingia akiwa amebeba trei au mzigo.

Mwaka huohuo wa 1902, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya za pembezoni, ambayo baadaye ilitumika kuifunga kaskazini yote iliyoitwa NFD, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Kuingia kulihitaji kibali. Kutoka kulihitaji kibali. Mwaka wa 1934 ikaja sheria nyingine ya wilaya maalum, iliyowapa maafisa uwezo wa kukamata na kuzuilia watu wa jamii walizoziona ni korofi. Kwa hivyo Nairobi ilipokuwa inajifunza kupokea wageni, huku kwetu mgeni alikuwa jambo la polisi. Huwezi kujenga hoteli mahali ambapo msafiri ni lazima aandikiwe barua.

Babu yangu alikuwa turnboi wa lori mwishoni mwa miaka ya 1950. Alikuwa anasema safari haikuanza kwa kuwasha injini, ilianza kwa kupanga foleni ofisini kwa DC. Karatasi aliivaa shingoni, ndani ya mfuko wa ngozi, pamoja na hirizi. Huko chini, Thika au Nairobi, alilala chini ya lori. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya pesa. Akasema pesa alikuwa nayo. "Lori lilikuwa halitaki kujua mimi ni nani."

Uhuru ulikuja Desemba 12, 1963. Huku ulidumu wiki mbili. Kabla ya hapo, mwaka wa 1962, tume iliyotumwa kuuliza maoni ya watu wa NFD ilikuta wengi wanataka kuungana na Somalia, lakini eneo likabaki Kenya. Desemba 28, 1963 serikali mpya ilitangaza hali ya hatari katika eneo hili, na vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967. Vita viliisha, hali ya hatari haikuisha. Iliondolewa mwaka wa 1991. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 28. Mtu aliyezaliwa Garissa mwezi wa uhuru alifika umri wa kuwa na watoto wake bila kuijua Kenya ya kawaida. Ndiyo maana wazee wetu, wakisafiri kwenda Nairobi, walisema wanaenda Kenya. Watu wa bara husimulia hilo kama mzaha. Haukuwa mzaha.

Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa kwa risasi hapa mjini, wanajeshi na polisi walichoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule ya msingi, siku kadhaa, bila chakula wala maji. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo kwenye ripoti yake ya 2013. Februari 1984 ikawa zamu ya Wagalla, kule Wajir. Na mwishoni mwa 1989 serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya wapigwe msasa upya: thibitisha wewe ni Mkenya, upewe kadi nyingine ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho ulicho nacho. Ukiwa na kadi, wewe ni mwenyeji. Ukiikosa, wewe ni mgeni, na si mgeni wa kukaribishwa.

Sasa nifike kwenye hoteli ninayotaka kuisimulia kweli. Haina kipoza hewa. Haikuwahi kuwa Garissa, ingawa ilibeba jina letu. Ilikuwa Eastleigh, Nairobi, na iliitwa Garissa Lodge.

Nimeijua kupitia abti, ndugu ya mama. Na nilimsikiliza abti kwa mara ya kwanza kwa sababu ya usiku mmoja mbaya. Mwaka wa 2018, nikiwa na miaka 19, nilifika Nairobi kujiunga na chuo. Basi lilichelewa, nikashuka saa tatu usiku. Nikaingia lojing moja katikati ya mji. Jamaa wa mapokezi aliniambia chumba kipo, mia nane. Nikatoa pesa, nikatoa kitambulisho. Alikigeuza, akasoma wilaya ya kuzaliwa, akanitazama, akakirudisha. "Pole, kumbe vimejaa." Kijana aliyekuwa nyuma yangu alipewa funguo nikiwa bado nakunja pesa zangu. Sikusema kitu. Bado najilaumu kwa kutosema kitu, ingawa sijui ningesema nini.

Nilimpigia abti, akaniambia njoo. Nilipofika aliniwekea chai ya maziwa na sambusa, akasubiri nimalize, ndipo akauliza. Nilipomweleza, hakukasirika kama nilivyotaka akasirike. Alicheka kidogo, akasema, "Basi wewe umefika Nairobi sasa. Sisi tulikuwa na Garissa Lodge."

Ilikuwa lojing ya kawaida. Msafiri kutoka kaskazini akiwa na ng'ombe wa kuuza, mgonjwa wa kupeleka hospitali au kesi mahakamani, alijua akifika pale atapata mtu wa lugha yake na hataulizwa maswali mengi. Halafu Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka Mogadishu. Watu wakakimbia. Wengi waliishia Dadaab, kilomita mia hivi kutoka hapa mjini, kwenye kambi zilizopangwa kwa watu 90,000 na ambazo miaka 20 baadaye, wakati wa ukame wa 2011, zilikuwa na zaidi ya laki nne. Lakini wengine walikuwa wafanyabiashara, na walifika Eastleigh wakiwa na kitu kimoja ambacho vita havikuwanyang'anya: kujua nani anauza nini Dubai na kwa bei gani.

Walipanga vyumba Garissa Lodge. Hawakuwa na duka wala leseni, wengi hawakuwa na karatasi yoyote. Walikuwa na kitanda. Mchana bidhaa zilipangwa juu ya kitanda: nguo, vitambaa, redio. Mteja alipita kwenye korido akichungulia mlango kwa mlango. Usiku bidhaa zilirudi uvunguni na mwenye chumba akalala juu ya mtaji wake. Abti alikuwa kijana wa kutumwa. Anasema chumba chao kilikuwa na watu sita na vitanda viwili, walilala kwa zamu, na harufu ya kitambaa kipya ilikuwa kali mpaka chai ilikuwa na ladha ya nailoni.

Bei zao zilikuwa chini kuliko za katikati ya mji, na Nairobi ikaanza kuja. Baada ya muda vitanda vilitolewa kabisa, vyumba vikawa maduka. Lojing ikageuka kuwa soko, ile ambayo wengi wanaihesabu kuwa mall ya kwanza ya Eastleigh. Lojing za jirani zikaiga, halafu yakajengwa majengo mapya yasiyojisumbua hata kuwa lojing kwanza. Eastleigh unayoijua leo, yenye msongamano na maghorofa, ilitoka kwenye vyumba vile.

Nimesoma watu wakieleza jambo hili kwa uchumi, na uchumi upo. Lakini mimi naliona pia kama jambo la mapokezi. Mahali pamoja katika jiji zima palikubali mtu wa kaskazini alale bila kwanza kuthibitisha yeye ni nani, na tazama kilichoota hapo. Jiulize ni vitu vingapi havikuota kwenye zile lojing nyingine zilizokuwa "zimejaa."

Sitaki kujifanya sisi ni malaika wa ukarimu. Aprili 2014 maelfu ya watu wa Eastleigh walikamatwa katika msako wa Usalama Watch na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani, na hilo tulilalamikia kwa haki. Lakini Aprili 2, 2015 magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri wakaua watu 148. Kati yao 142 walikuwa wanafunzi, wengi wao watoto wa watu kutoka kila kona ya Kenya. Walikuwa wageni wetu. Walinunua kredit kwa ayeeyo, walimwita shosho. Baada ya siku ile alifunga kibanda wiki nzima, na nilipomuuliza kwa nini, alisema mtu hafi nyumbani kwako ukabaki unauza. Nilikuwa na miaka 16. Kwa hiyo wageni wanaoandika "sikutarajia," siwalaumu wote. Wengine walikuwa na sababu ya kuogopa, na bado walikuja.

Nilimpelekea meneja maneno mia nne na kitu. Alisoma, akaniita. Si mtu mbaya, naye ni wa hapa. Akasema Garissa Lodge ibaki, ni nzuri, inaonyesha tunajua biashara. Ila 1980 itoke, na vitambulisho vitoke. "Wageni wanakuja kupumzika, bana." Nilibishana kidogo, halafu nikakumbuka nusu ya malipo iliyobaki. Nilitoa. Yale niliyotoa ni mengi ya haya unayosoma.

Lakini niliomba kitu kimoja badala yake. Pale mapokezi, mgeni akifika, kitu cha kwanza anachopewa ni fomu: jina, nambari ya kitambulisho, unakotoka, unakokwenda. Ni taratibu, hoteli zote zinafanya hivyo, na sikumwambia aiache. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufuta ule msasa maalum waliokuwa wanapitia vijana wa kaskazini kupata kitambulisho. Ikiwa serikali inaweza kupunguza maswali, nilimwambia, hoteli inaweza angalau kubadilisha mpangilio wake. Kwa ayeeyo mgeni alikaa, akapewa maziwa, akanywa, ndipo akaulizwa ametoka wapi. Kusema "soo dhowow" ni kumwambia mtu asogee karibu. Huwezi kumwambia asogee huku umemnyoshea karatasi.

Meneja alifikiria, akasema sawa, shaah kwanza, fomu baadaye. Nadhani alikubali kwa sababu haina gharama.

Wiki iliyopita nilipita pale kuchukua salio langu. Mwanamume mmoja alikuwa ameketi mapokezi, vumbi la barabara bado kwenye viatu, kikombe mkononi. Fomu ilikuwa juu ya meza, haijajazwa. Msichana wa mapokezi alikuwa anamuuliza kama aongeze sukari.