Muda wa unyevu katika mbao

Muda wa unyevu ni jumla ya saa au siku ambazo uso wa ubao, au kiungo cha mbao mbili, hubaki umelowa kiasi cha kuwezesha kuvu kumea. Haulingani na kiasi cha mvua. Mvua kubwa ya saa moja ikifuatwa na jua na upepo, ubao wa ukutani hukauka siku hiyo hiyo. Manyunyu yakiingia katika kiungo cha fremu ya dirisha, huweza kukaa humo siku kadhaa.

Sababu imo katika umbile la mti. Mishipa iliyopandisha maji mtini hubaki wazi kwenye ncha zilizokatwa, kwa hiyo ncha hunywa maji haraka kuliko ubavu wa ubao. Katika kiungo cha ulimi na tundu, ncha hiyo imefichwa mahali ambapo hewa haipiti. Ndiyo maana fremu huanza kuoza kwenye pembe za chini ilhali katikati ya miimo bado ni nzima. Rangi ikipasuka kwenye mshono, maji hupenya kwenye ufa, na rangi iliyosalia huyazuia kutoka.

Unyevu huhesabiwa kwa asilimia ya uzito wa mbao kavu. Njia ya uhakika ni kukausha kipande katika tanuri la nyuzijoto 103 za Selsiasi mpaka uzito usishuke tena, lakini njia hiyo haifai kufuatilia ubao uliokwisha kufungwa dirishani. Hapo hutumika pini mbili za chuma: kadiri ubao unavyolowa, ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi kati yake. Vipimo huaminika kati ya asilimia 7 na 30 hivi, vikisahihishwa kulingana na joto na aina ya mti. Pini zifunikwe kihami hadi karibu na ncha, la sivyo umande wa juu utasomwa kana kwamba ni maji ya ndani. Mbao zinazobaki chini ya asilimia 20 huwa salama. Zikikaribia 30 kuta za seli hushiba, na kukaa huko kwa muda mrefu ndiko kunakoziozesha.

Mwaka 1971 Mmarekani T. C. Scheffer alitoa kanuni ya kukadiria hatari hiyo kwa hali ya hewa, akitumia wastani wa joto wa kila mwezi na idadi ya siku za mvua. Mwezi wenye nyuzijoto 26 na siku 15 za mvua hupata alama 17 hivi, na jumla ya mwaka ikizidi 65 hatari ni kubwa. Kanuni hiyo inafaa kulinganisha miji. Haiwezi kutofautisha kiungo kilichokingwa na upenu na kilicho wazi katika nyumba moja.

Fundi anayetaka ukweli wa kazi yake apime kwenye kiungo cha chini, siku mbili au tatu baada ya mvua kukatika, wala asiridhike na ukavu wa uso.